Siti binti Saad: Sauti ya Fumba, santuri za Bombay na swali la haki

Tuchukue mfano wa mwenye nyumba ndogo ya wageni huko Makunduchi, kusini mwa Unguja. Msimu wa Mwaka Kogwa unakaribia, naye anataka wageni waijue nyumba yake. Anapiga video ya sekunde 30: bahari, mkeka, sinia la pweza wa nazi. Chini yake anaweka taarab ya zamani, kwa sababu anaamini kuwa wimbo wa marehemu wa miaka mingi hauna mwenyewe. Siku ya pili anakuta video ipo lakini sauti imezimwa.

Amekosea wapi? Ili kulijibu swali hilo, tunasimulia maisha ya mwanamke ambaye sauti yake ilikuwa miongoni mwa sauti za kwanza za Kiswahili kuingia kwenye santuri za biashara: Siti binti Saad.

Aliyezaliwa akaitwa Mtumwa

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880. Wazazi wake walitoka bara, baba Mnyamwezi na mama Mzaramo, na walikuwa watu wa chini katika kisiwa ambacho utumwa ulikuwa bado halali. Ulifutwa kisheria mwaka 1897, wakati yeye ni kijana. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa, na lenyewe linatosha kueleza hali ya nyumba yao. Siti, yaani bibi wa heshima kwa Kiarabu, ni jina alilolipata baadaye kwa sababu ya uimbaji wake.

Hakupelekwa shule. Nyumbani kwao walifinyanga vyungu, na yeye alivitembeza na kuvinadi kwa sauti. Wateja walimsikia kabla ya kumwona. Twaweza kusema kwamba tangazo lake la kwanza la biashara lilikuwa sauti yake mwenyewe, na hakuhitaji kibali cha mtu kulitumia.

Mjini, na wenzake wanne

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Muhsin Ali, mwanamuziki aliyemfundisha kuimba kwa kufuata ala na kutamka maneno ya Kiarabu sawasawa. Wakati huo taarab ilikuwa muziki wa kasri na wa vilabu vya wanaume wenye nafasi, kama Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905, na iliimbwa kwa Kiarabu.

Kikundi chake kilikuwa na Subeti bin Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Effandi Talsam na Muhsin Ali mwenyewe. Waliimba kwa matajiri na mbele ya Sultani, lakini pia waliimba Ng'ambo, kwa wachukuzi, wapishi na akina mama wa mtaani, na huko waliimba Kiswahili. Nyimbo zao zilibeba habari za mji: kesi mahakamani, wakubwa walioiba, wanawake waliodhulumiwa. Wimbo wa Kijiti ulieleza mauaji ya mwanamke mgeni, muuaji aliyevuka bahari akakimbia, na mashahidi ambao ndio walioishia kuadhibiwa.

Wapo waliomcheka kwa sura yake na asili yake. Hilo halikumzuia. Watu walimfuata kwa sababu alisema mambo yao kwa lugha yao.

Bombay, mwaka 1928

Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya HMV. Santuri ziliporudi, ziliuzwa pwani yote na bara. Gramafoni moja ilitosha baraza zima, na mtu asiyejua kusoma alipata habari za Unguja kwa sikio. Kampuni ziliona kwamba Kiswahili kina wanunuzi, na rekodi nyingine zikafuata hadi mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Hapa ndipo maisha ya Siti yanapogusana na swali letu. Mwenye haki ya santuri ile alikuwa nani?

Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyoingizwa India mwaka 1914, ilimtambua mwenye sahani mama, ile iliyotumika kuchapia nakala, kuwa ndiye mwenye haki ya rekodi. Haki hiyo ilidumu miaka 50 tangu sahani itengenezwe. Mtunzi wa shairi na wa tuni alikuwa na haki yake katika utunzi. Lakini mwimbaji, kwa kuimba kwake tu, hakuhesabiwa. Haki za waimbaji na wapigaji zilipata mkataba wa kimataifa mwaka 1961 tu, huko Rome. Siti alikuwa ameshafariki miaka 11 kabla.

Kwa hiyo sauti ilikuwa ya Siti, na santuri ikawa ya kampuni. Tunalisema hili kwa sababu mpaka leo watu huchanganya vitu hivyo viwili.

Jina lililobaki

Siti alifariki mwaka 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye, na kutokana na mazungumzo yao akaandika wasifu wake, kitabu kilichosomwa na vizazi vya wanafunzi wa Kiswahili. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kililipa jarida lake jina la Sauti ya Siti. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, aliziimba upya nyimbo za Siti na kuzifikisha katika majukwaa ya Ulaya na Japani. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyemtaja Siti kama sauti isiyo na mwenyewe.

Turudi Makunduchi

Mwenye nyumba ya wageni anahitaji kujua kuwa wimbo mmoja una haki zaidi ya moja.

Ya kwanza ni ya utunzi. Mkataba wa Berne, ambao Tanzania iliingia mwaka 1994, unamlinda mtunzi kwa uhai wake na angalau miaka 50 baada ya kifo. Kwa kipimo hicho, alichotunga Siti mwenyewe kilikuwa huru mwisho wa mwaka 2000. Lakini nyimbo za kikundi chake hazikutungwa na yeye peke yake, na miaka ya kila mtunzi huhesabiwa tangu kifo chake mwenyewe.

Ya pili ni ya rekodi. Kwa sheria ile ya 1911, haki ya sahani za mwaka 1928 ilikwisha mwaka 1978. Marekani, hata hivyo, ilipitisha sheria mwaka 2018 inayozilinda rekodi zilizotolewa kati ya 1923 na 1946 kwa miaka 100. Kwa hesabu hiyo, santuri iliyotolewa 1928 inalindwa huko mpaka mwisho wa 2028. Instagram na YouTube ni za kampuni za Marekani, na hilo si jambo dogo kwa anayeweka video.

Ya tatu ni ya aliyeimba upya. Wimbo wa Siti ulioimbwa na Bi Kidude, au na kikundi cha leo, ni rekodi mpya yenye haki mpya. Uzee wa wimbo hauifanyi rekodi mpya kuwa ya bure.

Juu ya hayo yapo masharti ya mitandao yenyewe. Akaunti ya biashara ya TikTok huelekezwa kwenye maktaba ya muziki iliyoruhusiwa kwa biashara, na Instagram nayo hubana muziki kwa akaunti za aina hiyo. Kampuni hizo zimelipia nyimbo nyingi kwa matumizi binafsi tu. Video inayouza chumba, chakula au safari ya mashua ni tangazo, hata ikiwekwa kwenye akaunti ya mtu binafsi. Mitambo ya kutambua sauti haiangalii ukubwa wa biashara.

Njia ya kwanza ni kutumia maktaba hiyo ya biashara. Njia ya pili ni kuomba kibali cha maandishi kwa mwenye haki, na Ofisi ya Hakimiliki Zanzibar, COSOZA, ndiyo mahali pa kuanzia kuuliza. Njia ya tatu ndiyo tunayoipenda zaidi: kuwaita wapigaji wa hapa hapa, kuwarekodi, kuwalipa, na kuandika makubaliano yanayosema video itatumika wapi na kwa muda gani. Kusini ya Unguja haina upungufu wa ngoma wala wa sauti.

Siti alikwenda Bombay katika zama ambazo sheria haikumjua mwimbaji. Leo inamjua. Mpiga udi atakayerekodiwa Makunduchi msimu huu ana haki ambayo Siti hakuwa nayo, na karatasi moja iliyotiwa saini na pande mbili inatosha kuilinda.