Siti binti Saad Ndani ya Spika Zangu za Kale

Nyumbani kwangu Kisauni ziko spika mbili za mbao ambazo wanangu huziita makabati. Ni za Wharfedale, kazi ya Uingereza, na kila moja hunifika kiunoni. Nilizinunua mwaka 1994 kwa baharia mmoja mstaafu wa Likoni. Tulizivusha kwa feri, mimi nimebeba moja na hamali amebeba ya pili, na abiria wakituuliza tunahamia wapi.

Leo zina zaidi ya miaka 30 mikononi mwangu. Sifongo inayoshika karatasi ya spika iliwahi kuliwa na joto na hewa ya chumvi, nikazipeleka kwa fundi wa Changamwe akaitia nyingine. Nimeshauriwa mara nyingi niziuze, ninunue kidude kidogo kinachotoshana na kikombe cha chai. Siziuzi, na sababu yake ni mwanamke aliyefariki karibu miaka ishirini kabla sijazaliwa. Huyo ndiye ninayetaka kuwasimulia leo.

Siti binti Saad alizaliwa karibu mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Wazee wake walikuwa maskini, wafinyanzi na wakulima, na jina walilompa lilikuwa Mtumwa. Sheria ya kuondoa utumwa Unguja ilikuja mwaka 1897, yeye amekwisha kuwa kijana. Hakupata masomo. Alijifunza kufinyanga, akawa huchukua vyungu kwenda kuviuza mjini, akivinadi kwa kuimba. Watu wakamjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Taarabu ya wakati huo ilikuwa kitu cha wakubwa. Ilitoka Misri ikaingia katika jumba la Sultan Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, na hata waungwana walipounda Ikhwani Safaa mwaka 1905, nyimbo zilikuwa za Kiarabu. Ali Muhsin, mmoja wa wanamuziki wa Ikhwani Safaa, ndiye aliyeisikia sauti ya mwanamke huyu wa shamba, akamfundisha kuimba. Baadaye Siti akawa na wenzake: Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku, kipofu aliyezaliwa hapa kwetu Mombasa. Watu wa Mvita tuna haki ya kujigamba kidogo.

Walifanya jambo ambalo leo laonekana dogo. Waliiimba taarabu kwa Kiswahili. Mpishi, mchukuzi na mwuza samaki wakafahamu kinachoimbwa, na mara nyingi kilichoimbwa kilikuwa ni habari zao wenyewe. Jina la Mtumwa likasahauliwa. Aliitwa Siti, nalo kwa Kiarabu ni bibi mheshimiwa.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwapeleka Bombay kutia sauti. Siti alikuwa akikaribia miaka 50. Upande mmoja wa sahani ya santuri ulichukua dakika tatu hivi tu, kwa hiyo wimbo wa kukesha nao ilibidi ukatwe. Hata hivyo, kufikia mwaka 1931 sahani za kundi hilo zilizouzwa zilikuwa zimepita 70,000. Zililia majumbani na katika mikahawa, na zikavuka bahari zikafika mwambao wote.

Mbili kati ya hizo zilikuwa za nyanya yangu. Marehemu baba alikuwa mwalimu wa chuo, na hakuipenda ile picha ya mbwa iliyo katikati ya sahani. Aliibandika karatasi, kisha akaruhusu santuri ipigwe, ila si karibu na Maghribi. Moja ya sahani hizo ilikuwa na wimbo wa Kijiti. Wimbo huo wasimulia kisa cha kweli cha mgeni wa kike kutoka Dar es Salaam aliyeuawa Unguja. Muuaji alitoroka, na waliofungwa ni wanawake waliokuwa pamoja na marehemu. Wakati ambapo maskini hakuwa na pa kushtaki, Siti aliishtaki hukumu yenyewe mbele ya umma.

Sahani hiyo niliivunja mimi, nikiwa na miaka minane. Iliniteleza nikiikimbiza kuificha kwa kuwa baba alikuwa akirudi msikitini. Nyanya hakunipiga. Aliviokota vipande, akavifunga katika kanga, na usiku ule akaniimbia wimbo wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti ya chini. Alikuwa akimlilia yule mgeni wa Dar es Salaam kana kwamba ni jirani yetu wa Kisauni. Hapo ndipo nilipofahamu mtunzi hutakiwa kufanya nini.

Siti hakukosa mahasidi. Walimtungia wimbo wa kumkejeli kwa ushamba wake, vyungu vyake na sura yake. Aliwajibu kwa wimbo pia: uzuri wa sura si hoja, hoja ni akili ya mtu. Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert akamwandikia wasifu, mwuza vyungu akaingia katika maktaba.

Ile sahani ya pili ningali nayo. Huipiga kwa mashine yenye mwendo wa mizunguko 78 kwa dakika, na kwa sindano pana, maana mifereji ya sahani za kale ni mipana kuliko ya zile zilizokuja baadaye. Huwasha spika moja tu, kwa kuwa sauti ilitiwa kwa njia moja. Mchakato wake ni kama mvua juu ya makuti. Spika njema haiwezi kuongeza kisichotiwa Bombay, lakini haipunguzi pia. Katika kidude cha mwanangu nasikia wimbo. Katika kabati langu namsikia mama wa karibu miaka 50 akivuta pumzi kabla ya ubeti.

Mwaka jana mwanangu alikaa nami akausikiliza upande mzima, kisha akaniomba niurudie. Hajataja tena habari ya kuuza. Nami nimemweleza kilichokuwa katika ile iliyovunjika, nikamwimbia kama nilivyoimbiwa.

Mwenyezi Mungu amrehemu Siti, na amrehemu nyanya yangu.