Daktari Denis Burkitt

Wenzangu wengi wa Kidato cha Nne hutaka kuwa madaktari wa kupasua, nami ni mmoja wao. Kwa hiyo nimeona heri niwaandikie habari za Denis Burkitt, mpasuaji aliyekuwa na jicho moja tu.

Alizaliwa tarehe 28 Februari, 1911, mjini Enniskillen, Ireland. Alipokuwa na miaka 11 alipigwa jiwe, jicho la kulia likapotea. Baba yake, mhandisi, alipenda kuchora ramani za makao ya ndege; nadhani mwana aliirithi tabia hiyo.

Mwaka 1946 alifika Uganda, kwanza Lira, halafu Mulago. Mwaka 1957 aliitwa kumtazama mtoto aliyevimba taya pande zote, juu na chini. Baadaye, kule Jinja, akamwona mwingine mwenye uvimbe wa taya na wa tumbo pia. Watu walidhani ni magonjwa mbalimbali. Burkitt akapekua madaftari ya hospitali, akatambua kuwa ni saratani moja. Kisu hakikufaa kitu: watoto walipasuliwa, nao wakafa. Hapa ndipo ninapomheshimu zaidi, kwani mpasuaji huyu alikiweka kisu chini akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wakapona.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, yeye na madaktari wawili walisafiri maili 10,000 kwa motokaa kuukuu, toka Kampala hadi Afrika Kusini, wakipita Tanganyika na kuuliza hospitalini njia nzima. Ramani ikaonyesha kuwa ugonjwa hupatikana penye joto na mvua, penye malaria, wala si nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wa London wakavumbua kirusi katika chembe za uvimbe huo.

Aliporudi Uingereza aliziuliza hospitali za Afrika kwa barua: wagonjwa wa kidole tumbo ni wangapi? Za shamba zikajibu, wachache. Akasema sababu ni makapi ya nafaka, kwani choo kigumu huziba mdomo wa kidole tumbo. Si madaktari wote waliokubali. Mara chache sana mdomo huo huzibwa, pengine kwa uvimbe, ute ukajaa ndani hata kidole tumbo kikawa kama kibofu. Mpasuaji hukitoa kizima, asikitoboe, maana ute ukimwagika huweza kuenea tumboni kote.

Sisi wa Singida tuliokua kwa ugali wa uwele hatukujua kuwa chakula cha namna hiyo kilisifiwa London! Burkitt alifariki tarehe 23 Machi, 1993, mjini Gloucester, akiwa na miaka 82.