LYNDON JOHNSON, MWALIMU WA COTULLA

Katika inchi yetu jina la Johnson halina sifa nyingi. Wazee wakilisikia wanakumbuka ndege za Marekani zilizobeba waaskari wa Ubelgiji mpaka Stanleyville, leo Kisangani, tarehe 24 mwezi wa kumi na moja 1964. Wengine wanakumbuka vita ya Vietnam. Mambo hayo yalikuwako, siyafichi. Lakini mtu huyu alifanya kazi nyingine ndani ya inchi yake mwenyewe, na hiyo ndiyo nataka kuwaeleza, sababu ilianzia katika shule maskini kuliko yetu.

Lyndon Baines Johnson alizaliwa tarehe 27 mwezi wa nane 1908 kando ya mto Pedernales, katika jimbo la Texas. Baba yake alikuwa mbunge wa jimbo, lakini kilimo cha pamba kilimtia katika madeni. Umeme hakuna, wamama walichota maji na kufua kwa mikono. Lyndon alisomea ualimu katika mji wa San Marcos, akawa anafagia chuo ili apate kulipa masomo. Feza ikakosa. Basi mwaka 1928, akiwa na miaka 20, aliacha masomo kwa muda akaenda kufundisha Cotulla, kusini ya Texas, si mbali na mpaka wa Meksiko.

Shule ile ilikuwa ya watoto wa asili ya Meksiko peke yao. Wazungu walikuwa na yao. Wazazi wa watoto wale walikuwa vibarua katika mashamba ya wengine, na watoto wengi walifika asubuhi bila kula kitu. Johnson alifundisha darasa la tano, la sita na la saba, na papo hapo alikuwa mkubwa wa shule. Mshahara wake wa kwanza aliununulia vyombo vya michezo. Alikuwa mkali pia: mtoto aliyesikiwa akisema kispania kiwanjani alipigwa, sababu mwalimu alitaka wajue kiingereza. (Sisi tunaosoma kwa kifaransa tunaelewa vizuri.) Alikaa huko miezi tisa tu, kisha akarudi kumaliza chuo mwaka 1930. Lakini alikuwa ameona watoto wanaochukiwa bila kujua kosa lao, na jambo hilo halikumtoka.

Siasa ilimchukua upesi. Mwaka 1931 alikwenda Washington kuwa karani wa mbunge mmoja. 1935 akawekwa juu ya shirika la Serikali la kuwatafutia vijana wa Texas kazi na masomo. 1937 akawa mbunge mwenyewe. Vijiji vya kwao vilipata umeme juu ya kazi yake, na wamama wa huko walimshukuru sana. Mwaka 1948 akatafuta kiti cha Senati. Katika uchaguzi wa ndani ya chama cha Demokrati watu karibu milioni moja walipiga kura, naye akashinda kwa kura 87. Ndiyo, 87! Katika mji wa Alice, siku kadhaa baada ya uchaguzi, sanduku namba 13 lilikutwa na majina karibu 200 yaliyoongezwa, yote kwa mwandiko mmoja, tena yakifuatana kwa alfabeti. Waandishi wengi wa historia wanakubali kwamba ulikuwa wizi. Ninaandika hili wazi ili mtu asifikiri kwamba ninawaletea habari za malaika.

Tena kuna baya kupita hilo. Tangu 1937 mpaka 1956, kila mara sheria ya kuwapa watu weusi haki zao ilipofika mbele yake, alipiga kura ya kuikataa. Mwalimu wa Cotulla alikuwa wapi? Alikuwa anahesabu. Wapigakura wa Texas walikuwa wazungu wengi waliopenda ubaguzi, na wenye nguvu katika Senati walikuwa watu wa Kusini. Kiongozi wao, Richard Russell wa Georgia, hakuwa na mke; siku ya Mungu alikuwa anakula mezani kwa Johnson kama mtu wa jamaa. Huyo ndiye aliyemsukuma mbele, hata mwaka 1955 Johnson akawa kiongozi wa wengi katika Senati. Mwaka 1957 alipitisha sheria ya haki za raia, ya kwanza tangu miaka zaidi ya 80, lakini kwanza waliipunguza nguvu.

Tarehe 22 mwezi wa kumi na moja 1963 Raisi Kennedy aliuawa mjini Dallas. Johnson, makamu wake, akawa Raisi siku ileile. Kennedy alikuwa ameacha mezani sheria kubwa: hoteli, restora na makampuni visikatae mtu juu ya rangi yake. Washauri wengine walimwonya asiharibu nguvu zake kwa jambo lisilowezekana. Hakuwasikia. Aliwasimulia masenateri habari ya mpishi wake, mama mweusi, ambaye akisafiri kwa gari kutoka Washington mpaka Texas hakupata choo njiani, akalazimika kujificha porini kando ya barabara.

Masenateri wa Kusini, Russell mbele yao, walikuwa na silaha moja: kusema. Kanuni iliruhusu senateri kusema bila mwisho, na wakati anasema kura haipigwi. Walisema siku 60 za kazi. Kuwanyamazisha kulihitaji kura 67 kati ya 100, na Wademokrati wenyewe walikuwa wamegawanyika. Johnson akashika telefone usiku na mchana. Alikuwa mtu mrefu, karibu metre mbili, na ukiwa naye uso kwa uso alikuinamia mpaka ukarudi nyuma. Alimbembeleza hasa Everett Dirksen, kiongozi wa Republikani, mpaka akakubali. Tarehe 10 mwezi wa sita 1964 wakahesabu: 71 kwa 29. Johnson akatia sahihi tarehe 2 mwezi wa saba. Russell alishindwa na mtu aliyemlea yeye mwenyewe.

Ilibaki kura. Katika Mississippi, mtu mweusi akienda kujiandikisha, karani mzungu alimpa kipande cha katiba asome na kueleza, na karani yuleyule ndiye aliyehukumu kama amejibu vizuri. Mwalimu mweusi wa shule aliweza kuanguka egzame hiyo! Tarehe 7 mwezi wa tatu 1965, polisi waliwapiga watu waliotembea kwa amani kwenye daraja la Selma, Alabama. Siku nane baadaye Johnson alisimama mbele ya Kongreso kudai sheria ya kura, na katika hotuba hiyo aliwasimulia wabunge habari ya wanafunzi wake wa Cotulla. Tarehe 6 mwezi wa nane akatia sahihi. Egzame zile zikakatazwa, na majimbo yenye sifa mbaya hayakuweza tena kubadili kanuni za uchaguzi bila ruhusa ya Washington. Katika Mississippi weusi walioandikishwa walikuwa karibu 7 kwa mia. Miaka miwili nyuma ya sheria walifika karibu 60. Mwaka 2013 Mahakama Kuu, kwa majaji 5 dhidi ya 4, iliondoa ile kanuni iliyochagua majimbo ya kuomba ruhusa.

Mwaka uleule wa 1965 zilitoka sheria ya matibabu ya wazee na sheria ya kusaidia shule za maskini. Hii ya shule aliitia sahihi mbele ya shule ndogo ya utoto wake, mwalimu wake wa kwanza akiwa ameketi kando yake.

Na Vietnam? Iliila feza, ikala vijana, ikamla yeye pia. Mwaka 1968 waaskari wa Marekani kule walipita 500 000, na tarehe 31 mwezi wa tatu alitangaza kwamba hatasimama tena katika uchaguzi. Alirudi shambani kwake, moyo ukiwa mgonjwa. Akafa tarehe 22 mwezi wa kwanza 1973, akazikwa karibu na mto Pedernales. Siku tano baadaye, mjini Paris, mapatano ya kumaliza vita ile yalitiwa sahihi.