John Kirk: Tabibu wa Ruvuma aliyeipeleka mimea ya pwani kwenye baridi ya Uingereza

MACHI 1861 meli ya mvuke iitwayo Pioneer iliingia katika mlango wa Mto Ruvuma, kusini mwa Mikindani. Ndani yake alikuwamo Dk. David Livingstone, pamoja na tabibu kijana wa Kiskoti, John Kirk, ambaye pia alikuwa mtaalamu wa mimea wa msafara huo. Baada ya takriban kilomita 50 maji yalipungua, wakarejea baharini.

Septemba 1862 walijaribu tena kwa mashua. Safari hiyo ilimchosha Kirk kiasi cha kutilia shaka, katika shajara yake, akili timamu ya kiongozi wake. Njiani walishambuliwa kwa mishale na risasi, nao wakajibu kwa bunduki. Wenyeji wawili waliuawa. Tukio hilo aghalabu husahauliwa sifa za Kirk zinaposimuliwa. Hatimaye miamba ndiyo iliyowarudisha.

Kirk, aliyezaliwa Barry, Scotland, mwaka 1832, alirudi Afrika Mashariki mwaka 1866 akiwa tabibu wa ubalozi wa Uingereza Zanzibar. Baadaye akawa Konsuli Mkuu, na Juni 1873 alimshinikiza Sultan Barghash kutia saini mkataba uliofunga soko la watumwa.

Hata hivyo, mimea hakuiacha. Huko Mbweni alikuwa na bustani, na kutoka Zanzibar alipeleka mbegu na mimea iliyokaushwa katika Bustani ya Kew, London. Alichunguza asili ya sandarusi. Mtambaazi wa mpira wa mwituni, jamaa ya mbungo unaotupatia juisi, ulipewa jina lake la kitaalamu.

Mwaka 1882 ua alilolipeleka liliitwa Impatiens sultani, kwa heshima ya Sultani. Pwani hustawi kivulini bila kutunzwa. Ulaya hulelewa katika nyumba za vioo, hupandwa nje baridi kali ikishapita, na hufa usiku wa kwanza wa jalidi.

Bahati haikuwa upande wake kila mara. Mwaka 1884 alipeleka Kew ua la zambarau la Afrika Mashariki, lakini sampuli hazikutosha kulieleza. Mwaka 1892 Mjerumani Walter von Saint Paul alipeleka kwao mbegu kutoka Usambara, na ua hilo likaitwa Saintpaulia.

Kirk alifariki dunia Sevenoaks, Uingereza, Januari 15, 1922, katikati ya majira ya baridi, akiwa na umri wa miaka 89.