Wilhelm Conrad Röntgen

Wilhelm Conrad Röntgen (Lennep, 27 Machi 1845 – München, 10 Februari 1923) alikuwa mwanafizikia kutoka nchini Ujerumani. Anajulikana hasa kwa kugundua eksirei mwaka 1895. Mwaka 1901 alikuwa mtu wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia.

Maisha ya awali

Röntgen alizaliwa Lennep, mji ambao leo ni sehemu ya Remscheid. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, na mama yake alitoka Uholanzi. Wilhelm alipokuwa na umri wa miaka mitatu familia ilihamia Apeldoorn, Uholanzi.

Baadaye alisoma shule ya ufundi mjini Utrecht. Huko alifukuzwa kwa kosa la mwenzake aliyechora katuni ya kumdhihaki mwalimu, kwa kuwa alikataa kumtaja. Hivyo alikosa cheti cha sekondari kilichohitajika vyuoni. Mwaka 1865 alipokelewa na chuo cha ufundi cha Zürich, Uswisi, ambacho hakikudai cheti hicho. Alisomea uhandisi wa mitambo, na mwaka 1869 akapata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Zürich.

Kazi

Röntgen alikuwa msaidizi wa mwanafizikia August Kundt, akamfuata Würzburg na kisha Strasbourg. Chuo Kikuu cha Würzburg kilimnyima ruhusa ya kufundisha kwa sababu ya cheti kilekile. Alifundisha Hohenheim, Strasbourg na Gießen, hadi mwaka 1888 chuo hichohicho cha Würzburg kilipomwita awe profesa wa fizikia. Kuanzia mwaka 1900 alikuwa profesa mjini München.

Mwaka 1872 alimwoa Anna Bertha Ludwig. Hawakuzaa watoto, bali walimlea Josephine, binti wa kaka yake Anna.

Ugunduzi wa eksirei

Tarehe 8 Novemba 1895 Röntgen alikuwa akipitisha umeme katika mrija wa kioo ulioondolewa hewa. Mrija aliufunika kwa karatasi nene nyeusi, na chumba kilikuwa na giza. Hata hivyo kiwambo kilichopakwa kemikali, kilichokuwa mbali kidogo na mrija, kiling'aa. Alielewa kwamba kitu kisichoonekana kilikuwa kinapenya karatasi ile.

Kwa wiki kadhaa alijaribu vitu mbalimbali kati ya mrija na kiwambo. Mbao na kitabu kinene vilipitisha mionzi, lakini bamba la risasi lenye unene wa milimita 1.5 liliizuia karibu yote. Alipoweka mkono wake hapo, aliona kivuli cheusi cha mifupa ndani ya kivuli chepesi cha nyama.

Tarehe 22 Desemba alimwomba mkewe aweke mkono juu ya bamba la kupigia picha, akaumulika kwa dakika 15 hivi. Picha ilionyesha mifupa ya vidole na pete aliyoivaa. Siku sita baadaye alikabidhi taarifa yake kwa chama cha wataalamu wa fizikia na tiba cha Würzburg.

Mpangilio wa picha ile ndio unaotumika hadi leo: chanzo cha mionzi upande mmoja, mwili katikati, na kipokezi cha picha upande wa pili. Kwa kuwa mionzi husafiri kwa mstari mnyoofu na kutawanyika kutoka kwenye chanzo, picha ya eksirei ni kivuli. Kiungo kilicho karibu na kipokezi huonekana kwa ukubwa unaokaribia ule wa kweli, na kilicho mbali huonekana kikubwa zaidi na chenye kingo hafifu. Ndiyo sababu mgonjwa wa kifua kwa kawaida husimama akiegemeza kifua kwenye kipokezi na mionzi huingia kupitia mgongoni: hivyo moyo haukuzwi mno. Mkao huo huitwa wa nyuma-mbele, kwa kufuata njia ya mionzi mwilini.

Jina na hataza

Röntgen aliiita mionzi hiyo X, herufi ambayo katika hisabati husimamia kitu kisichojulikana. Tarehe 23 Januari 1896 alipiga picha ya mkono wa mtaalamu wa anatomia Albert von Kölliker mbele ya wasikilizaji. Kölliker alipendekeza iitwe mionzi ya Röntgen, na Wajerumani hutumia jina hilo hadi leo.

Röntgen hakuchukua hataza, akitaka ugunduzi uwe wa watu wote. Fedha za Tuzo ya Nobel alikipa Chuo Kikuu cha Würzburg.

Madhara

Kwa sababu kila mtu aliweza kutengeneza mashine, eksirei ilienea hospitalini ndani ya miezi michache, kabla hatari zake hazijajulikana. Mafundi wengi walipima nguvu ya mrija kwa mikono yao wenyewe, wakapata vidonda na saratani. Clarence Dally, msaidizi wa Thomas Edison, alikatwa mikono yote miwili na kufariki mwaka 1904. Vifo hivyo vilichangia kuletwa kwa kinga za risasi na kanuni za kupunguza muda wa mionzi.

Miaka ya mwisho

Anna alifariki mwaka 1919. Röntgen alifariki mjini München kwa saratani ya utumbo, akazikwa Gießen. Kwa matakwa yake, sehemu kubwa ya hati zake za kisayansi iliteketezwa. Mwaka 2004 elementi namba 111 ilipewa jina kwa heshima yake.