Kano Natsuo: Sonara aliyenusuru ufundi wa nakshi Japani

Sheria iliyotangazwa nchini Japani mwezi Machi 1876 ilikuwa fupi, lakini athari zake zilikuwa kubwa. Iliwapiga marufuku mashujaa wa zamani, maarufu kama samurai, kubeba panga hadharani. Kwa mafundi waliojikimu kwa kuzipamba panga hizo, mbiu hiyo ya mgambo ilimaanisha jambo moja: soko lao lilikuwa limekufa.

Miongoni mwa mafundi hao alikuwa Kano Natsuo, ambaye wakati huo alikuwa na umri wa miaka 47 na jina lake lilikuwa limevuma kote nchini.

Natsuo alizaliwa mwaka wa 1828 mjini Kyoto, mwana wa mfanyabiashara wa mchele. Akiwa mtoto wa miaka 7 hivi alichukuliwa kulelewa na Bw Kano, mwuzaji wa panga. Huko ndiko alikoanza kuvutiwa na mapambo ya silaha hizo: visahani vya chuma vinavyoukinga mkono usiteleze kutoka mpinini hadi kwenye makali, pamoja na vipande vidogo vya madini vilivyopachikwa kwenye mpini na ala.

Alipotimu miaka 12 alipelekwa kujifunza uchongaji. Baadaye alihamia kwa Ikeda Takatoshi, fundi aliyekuwa na sifa mjini humo. Hata hivyo, hakutosheka na nyundo na patasi pekee. Alisomea uchoraji kwa Nakajima Raisho, na kwa mwalimu mwingine akasoma maandishi ya kale. Elimu hiyo ya kalamu ndiyo iliyomtenga na wenzake. Patasi yake ilikata chuma kwa wepesi ule ule ambao brashi ya mchoraji hupita nao juu ya karatasi, mstari ukianza mnene na kuishia mwembamba kama unywele.

Kazi yenyewe ilihitaji subira. Kipande cha madini kilibandikwa juu ya lami ili kisitikisike, kisha fundi akakichonga polepole kwa patasi nyingi za ukubwa mbalimbali. Rangi haikupakwa, bali ilitoka ndani ya madini. Shaba iliyochanganywa na dhahabu kidogo, takriban sehemu 4 kwa 100, ikichemshwa katika maji yenye dawa maalumu hugeuka nyeusi ya kung'aa mithili ya bawa la kunguru. Shaba iliyotiwa fedha kiasi cha robo hutoa rangi ya kijivu. Kwa rangi hizo, pamoja na dhahabu na fedha, Natsuo aliwachonga samaki, ndege na maua kana kwamba wana uhai.

Alifungua karakana yake akiwa na umri wa miaka 19, na mwaka wa 1854 akahamia Edo, mji ambao tangu 1868 unaitwa Tokyo. Mwaka huo wa 1868 ndio utawala mpya wa Mfalme Meiji uliposhika hatamu, na serikali yake ikataka sarafu za kisasa.

Awali, nia ilikuwa michoro ipelekwe Uingereza ili mihuri ya kupigia sarafu ichongwe huko. Natsuo aliagizwa atayarishe vielelezo. Wataalamu wa kigeni walipoiona kazi yake, ilibainika kuwa hakukuwa na haja ya kuvuka bahari. Joka aliyejikunja kwenye sarafu ya fedha ya yeni moja ya mwaka wa 1870 ametokana na ubunifu wake. Aliitumikia karakana ya serikali ya kupiga sarafu, iliyofunguliwa rasmi Osaka mwaka wa 1871, hadi 1877. Katika kipindi hicho pia alipewa kazi ya kuupambia mfalme upanga wa kale uliotoka katika hazina ya Nara.

Hivyo, sheria ya 1876 ilipotoka, Natsuo tayari alikuwa amedhihirisha kwamba ufundi haukuwa katika upanga bali katika mkono wa mchongaji. Mafundi wengi waliiacha kazi hiyo. Yeye na wengine waliigeuzia kwenye vyombo vipya: vyungu vya maua, vyetezo vya kufukizia ubani, vikasha na vibao vya ukutani. Kazi za aina hiyo zilitia fora katika maonyesho ya biashara nchini humo, na nyingi zikanunuliwa na Wazungu na Wamarekani.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka wa 1890 Natsuo aliteuliwa miongoni mwa wasanii wa kwanza wa Ikulu ya Mfalme, na mwaka huo huo akawa profesa katika Chuo cha Sanaa cha Tokyo. Huenda uteuzi huu wa pili ndio ulioleta manufaa zaidi. Maarifa yaliyokuwa yakirithishwa katika karakana za watu binafsi sasa yalifundishwa darasani. Kagawa Katsuhiro na Unno Shomin, waliojifunza kwake, nao walifundisha chuoni humo.

Natsuo aliaga dunia mwezi Februari 1898 akiwa na umri wa miaka 69. Chuo alichofundisha ndicho chimbuko la Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, ambako hadi leo vijana huketi mbele ya kipande cha madini, nyundo mkono mmoja na patasi mkono wa pili.