Martin Luther na Neno Moja la Tafsiri

Martin Luther alizaliwa Eisleben, Ujerumani, tarehe 10 Novemba 1483, akabatizwa kesho yake. Mwaka 1505 aliingia utawani. Akafunga, akakesha, akaungama, asipate utulivu wa moyo. Waraka wa Paulo kwa Warumi ndio uliomwaminisha kwamba wokovu ni neema ipokelewayo kwa imani.

Mwaka 1522 alichapisha Agano Jipya kwa Kijerumani. Katika Warumi 3:28 aliiongezea imani neno lenye maana ya peke yake, neno lisilokuwamo katika matini ya Kigiriki (wala katika Union Version yetu). Wakatoliki walimshutumu kwa kuyapotoa Maandiko. Mwaka 1530 alijitetea kwamba Kijerumani fasaha hudai hivyo. Kiisimu, hoja hiyo ina mashiko. Kiteolojia, ugumu ulibaki, kwani Yakobo 2:24 hulitaja neno hilo kwa kulikanusha. Luther aliushusha waraka huo karibu na mwisho wa Agano Jipya. Kwake, matendo yalikuwa matunda ya imani, si bei ya wokovu.

Waanabaptisti wakamkabili kwa silaha yake mwenyewe: ikiwa imani ndiyo iokoayo, mtoto mchanga abatizwe kwa imani gani? Katika Katekisimu Kubwa ya 1529 alijibu kwamba ubatizo husimama juu ya neno la Mungu, si juu ya uthabiti wa imani ya abatizwaye. Alifariki Eisleben, mji uleule alikobatizwa, tarehe 18 Februari 1546.